Moyo Wangu Umekuwa Mlingoti

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo tangu ujana wangu. Hata marehemu mke wangu hakulijua. Si mimi niliyekikataa chuo cha maafisa wa jeshi, kama nilivyomwambia. Chuo ndicho kilichonikataa mimi. Mara tatu!

Mtaa mzima unaniita Kanali. Sikujipa jina hilo. Sikulikana pia. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, natembea wima, nanyoa ndevu kila asubuhi. Watu wakajumlisha wenyewe, nami nikawaachia jibu lao. Sasa daktari anasema moyo umechoka, nisipange mambo ya mbali. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi naungama. Hapa tu, kimyakimya. Mdomo bado haujawa tayari.

Lakini kuna la haraka zaidi. Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, ambaye anaishi nami, alikataliwa na chuo hichohicho mwaka jana. Ameomba tena. Usaili ni Jumatatu ijayo. Mwaka jana alipoulizwa kwa nini anataka kuwa afisa, alitoa jibu nililomfundisha mimi. Ndilo nililolitoa mwenyewe, mara zote tatu. Ni jibu zuri mno. Nadhani hakupumua mahali pake.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi sebuleni. Mimi ndiye jopo zima la usaili: kitini, blanketi miguuni, uso umekunjwa. Nikauliza swali. Mjukuu akasema anapenda kazi ngumu na anajua kuongoza watu. Basi! Nikamwambia afisa hajibu kama mtu aliyeulizwa saa.

Akalitoa jibu langu, macho darini. "Tangu nilipofumbua macho nikaiona bendera, moyo wangu umekuwa mlingoti. Mvua ikinyesha silowi, kwa kuwa taifa ni mwavuli wangu. Na mwavuli ukitoboka, mimi nitakuwa kiraka." Hapo akaangua kicheko. Eti, jamani babu, kiraka!

Nikakohoa. Kikohozi cha kweli mwanzoni, kisha nikakiongezea. Akakimbilia maji, akanisugua mgongo, akarudia lote toka mwanzo bila kucheka. Nimepata silaha! Kila akipotoka, nitakohoa.

Kaka yangu mkubwa hakuhitaji mlingoti wala mwavuli. Alipita mara ya kwanza. Nilimbebea sanduku lake hadi langoni. Mlinzi akasema anaingia aliyeitwa tu. Kaka akanisukuma kichwa kwa kiganja, akasema nisilie, likizo si mbali. Sanduku likaingia. Mimi nikabaki nje.

Alhamisi, 6 Machi

Usaliti! Nimefungua dirisha asubuhi, namwona mjukuu anakata mbio barabarani. Nyuma yake jirani yetu juu ya baiskeli, mashavu yamevimba, anapuliza tarumbeta. Mtaani tunamwita Tarumbeta. Alikuwa mpiga tarumbeta wa chuo kilekile hadi alipostaafu. Hakufika hata ukoplo, lakini lile lango alilipita kila siku ya kazi. Jambo hili huniwasha kama upupu. Kumbe anamnoa mjukuu wangu tangu mwezi uliopita. Na anamfundisha majibu mafupi!

Nikatoka na mkongojo kumkemea. Mbele ya muuza maziwa akaniuliza nilihitimu mwaka gani, maana kila aliyehitimu enzi zake, yeye ndiye aliyempigia tarumbeta, na uso wangu haumjii. Nikasema hiyo ni siri ya taifa. Akauliza, ya taifa au ya mzee? Muuza maziwa akacheka mpaka akamwaga. Nimeacha kununua kwake.

Alasiri nimezificha raba za mjukuu kwenye gunia la mkaa. Bila raba, hakuna mbio. Bila mbio, hakuna Tarumbeta. Akili ni nywele!

Ijumaa, 7 Machi

Amekimbia pekupeku. Tarumbeta anaapa hajawahi kumwona akienda kasi namna ile. Amemshauri aendelee hivyohivyo. Raba zimepatikana, nyeusi. Mjukuu akaniuliza kama najua lolote. Nikasema panya. Akasema panya wa siku hizi wana nguvu kweli, shikamoo panya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwalika Tarumbeta chai ili nimpige marufuku. Mkakati: adabu kwanza, marufuku baadaye. Akamaliza mkate wote, akaegemea, akaanza hadithi za kazini.

Akasema nyuma ya uwanja wa gwaride kuna makaburi machache ya zamani, ya wanafunzi waliofia mafunzoni. Kila mwaka baada ya gwaride, wakubwa wakishakwenda kula, yeye alikwenda huko peke yake akawapigia. Mmoja alizama mtoni akimvuta mwenzake. Huyo alimpigia mara mbili. Nikamuuliza kwa nini mara mbili. Kwa sababu wenzake walikuwa wakitembelewa, akasema, na kwenye kaburi la yule hakuwahi kumwona mtu wa kwao.

Nikauliza, kwa sauti ya mwalimu wa jiografia, kama mto ule bado una maji. Akasema unayo. Akaongeza kwamba ndugu wa marehemu hawazuiwi. Wanaomba tu langoni. Nikauliza, wanaomba tu? "Wanaomba tu, mzee wangu. Wanasema wao ni nani, wanafunguliwa."

Kikombe kikaniponyoka. Nikasema chai ilikuwa na sukari nyingi. Marufuku nimesahau kuitoa.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya usaili. Nikamwapisha mjukuu mlangoni kwamba atatumia jibu langu. Nikakohoa kidogo, kikohozi cha akiba.

Amerudi anatabasamu. Swali lilikuja. Akawaambia mwaka jana alileta jibu la babu yake, leo ameleta lake. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye nyota mabegani, akataka kusikia la babu kwanza. Mjukuu akalitoa lote, hata pumzi mahali pake! Kwenye mlingoti jopo likatazamana. Kwenye mwavuli likainamia meza. Kwenye kiraka yule mama akavua miwani akafuta machozi. Ndipo mjukuu akatoa lake: kwamba walipomkataa ilimuuma, na kesho yake aliamka akaanza kukimbia.

Kwa hiyo kiapo alikitimiza. Lakini walicheka! Tatu zangu, moja ya mjukuu mwaka jana, sasa nimekataliwa mara ya tano, na safari hii hata chumbani sikuwamo.

Sikula. Mjukuu akaja akaketi ukingoni mwa kitanda changu. Akaniuliza taratibu, babu, wewe na lile lango mna nini?

Nikakohoa.

Jumatano, 26 Machi

Amechaguliwa! Aliniinua kutoka kitini, jambo ambalo daktari amelikataza. Binti yangu akapiga vigelegele kwenye simu mpaka sikio likaziba. Tarumbeta akapiga chini ya dirisha letu hadi mbwa wa mtaa wakaitikia. Walezi wote watakaribishwa ndani siku ya gwaride la kuhitimu. Baada ya miaka miwili. Nikauliza kama hawawezi kuliwahisha. Watu wakacheka. Nilikuwa nauliza kweli.

Walipotawanyika, Tarumbeta akabaki. Akavua kofia. "Kanali," akasema, "kama una mtu wako mle, niambie. Kesho tunakwenda. Mimi nitabeba tarumbeta, wewe utataja jina tu."

Nikamwambia sina mtu. Akavaa kofia, akaniambia baiskeli ina kiti cha nyuma, nikibadili mawazo.

Baiskeli! Kuomba langoni kama mpita njia! Ninao mpango bora zaidi. Nimesikia chuo kinatafuta mwalimu wa kujitolea wa kusoma ramani. Nani ananizidi kwa ramani? Nitaomba. Walionikataa wamekwisha kufa wote, hakuna atakayenikumbuka. Wataniuliza kwa nini, nami nitasimama wima, mkongojo nitauacha nje. Sentensi ya mwisho nimeirekebisha leo: "mimi nitakuwa kiraka cha hiari." Hapo hawana pa kutokea! Na moyo ukigoma kabla ya usaili, lipo lango jingine. Huko nako nitaulizwa kwa nini nataka kuingia, na sidhani kama wamewahi kusikia jibu la namna hii.

Ukweli sitausema langoni kokote. Ni mfupi mno. Watadhani nimeulizwa saa. Acha niuandike hapa. Siku ya mazishi waliingia baba na mama, mimi nikaachwa kulinda nyumba. Sikutaka kamwe kuwa afisa. Kaka yangu yumo ndani.