Kikongwe Aliyenipa Shikamoo Uwanjani

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima.

Kikundi chetu cha ngoma cha vijana kilialikwa kijiji cha Ujamaa huko Ipole, sherehe ya kumaliza kuvuna tumbaku. Lori likatufia njiani, hadi litengenezwe tukafika alasiri. Nilivaa bugaluu langu jipya, suruali pana chini (nimelishona mwenyewe, fundi mzima). Nikaingia uwanjani na mitindo ya Dar: visigino mbio mbio, magoti yamelegea, vumbi linatimka. Watoto wakashangilia.

Mara mzee mmoja akachukua ngoma kwa Hamisi, mpigaji wetu, akaanza kupiga taratibu. Miguu yangu ikamfuata. Kisigino, kidole, kisigino, buruta. Wallahi sijawahi kufundishwa hatua hiyo. Nikadhani nawakosha. Makofi yakakoma. Wanawake wakapiga magoti. Ikasikika ngoma na miguu yangu tu.

Kikongwe mmoja akaja mbele yangu, akainama.

"Shikamoo, baba."

Huyo hata bibi yangu angempa shikamoo. Nikajibu "Marahaba" (ningesema nini?).

"Mbona umechelewa hivi?"

Nikajua anauliza habari za safari. "Tuliharibikiwa njiani, bibi. Mtusamehe."

Akawageukia watu. "Anasema waliharibikiwa njiani."

Uwanja mzima ukaguna. Wengine wakalia.

Mzee wa ngoma akaninong'oneza bila kuacha kupiga: "Baba yake alikuwa mpagazi. Aliondoka na msafara wa pembe za ndovu kwenda pwani, huyu akiwa binti mdogo. Hakurudi. Hatua hizo wapagazi walizikanyaga makaburini kuwaaga wazee wao kabla ya safari. Tangu wao, hajazikanyaga mtu."

Nikataka kusimama niseme mimi ni fundi cherehani wa Tabora mjini. Miguu ikakataa. Ikanizungusha, ikanichuchumaza, bugaluu likapasuka kutoka kiunoni hadi gotini. Hapo ndipo nilipoachiwa.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Kikongwe akavua kanga yake ya juu, akanifunga kiunoni polepole, kama mtu anayefunika maiti.

"Sasa pumzika, baba," akasema. Akaenda kukaa, uso umetulia kabisa.

Kwenye lori hakuna aliyekaa karibu nami, hata Hamisi.

Suruali ichekeni, ruksa. Ila asiniombe mtu nimwonyeshe hatua ile, maana sijui safari hii atakuja nani.