Marufuku ya Kuserereka

Umma unatangaziwa, kwa furaha kubwa, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi hakuna chombo chochote cha magurudumu manne kitakachoserereka. Tangazo lilibandikwa kwenye mbao zote saba za manispaa, na Mkurugenzi wa Mwenendo wa Vyombo Vidogo akazizunguka zote kulisoma, ingawa aliliandika mwenyewe. Lilimgusa.

Idara yake ilikuwa changa. Ilikuwa na karani mmoja, muhuri, na gari jeusi la kazi, ila haikuwa na tatizo la kutatua. Ndipo aliposikia habari za ghala la zamani la karatasi nyuma ya ofisi, ambamo kila Jumamosi watu wazima tisa, na akili zao timamu, walikutana kuendesha magari ya rimoti yenye ukubwa wa kiatu. Na hawakuyaendesha sawasawa. Gari liliingia kona kwa ubavu, tako likitaka kukipita kichwa, kwa matairi ya plastiki ngumu yaliyowekwa makusudi yasishike sakafu.

Alikwenda na karani wake kukagua.

"Haya magari yameharibika?"

"Hapana, mkubwa," akasema fundi viatu, kiongozi wa kikundi. "Likienda moja kwa moja ndipo tunalifungua kuliangalia."

"Dereva wa hili yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Nje ya gari?"

"Ndani siingii, mkubwa."

Mkurugenzi akamgeukia karani. "Andika: dereva amekutwa nje ya chombo kikiwa mwendoni."

Muuguzi mmoja, bado amevaa sare ya zamu, akajaribu kusihi. "Bosi, sisi tunacheza tu. Hapa ndipo tunapopumua. Muulize mzee."

"Mke wangu alipofariki," fundi viatu akasema, "nilikaa mwaka mzima sijacheka. Nilikuja kucheka humu, gari langu lilipotumbukia kwenye ile ndoo ya deki."

"Pole sana, mzee," akasema Mkurugenzi, na kwa kweli roho ilimuuma. "Karani, andika na ndoo."

Magari tisa yakazuiliwa, ghala likapigwa kufuli, na kanuni zikatungwa. Chombo chochote kilichoserereka, bila kujali ukubwa, kitakaa kizuizini mpaka mwenye kukiendesha aongoze gari la rimoti mizunguko mitatu ya ghala bila kugusa kitu, mbele ya Mtaalamu wa Kuserereka Aliyesajiliwa. Manispaa nzima haikuwa na mtaalamu wa namna hiyo, basi akasajiliwa fundi viatu, ili idara isionekane inawaonea wanyonge.

"Lakini bosi, ghala si tumelifunga?" karani akauliza. "Watafanyia wapi mtihani?"

"Hilo ni lao."

"Na hapa kwenye 'bila kujali ukubwa', tupaache hivi hivi?"

"Paache. Sheria ni msumeno."

Aliupenda sana msemo huo, ila hakuwahi kuumaliza.

Ijumaa meya alikuja kuizindua idara. Mkurugenzi alikuwa ameagiza vigae vya uani visuguliwe kwa sabuni mpaka meya aone meno yake. Wale tisa walikuwa wamejipanga mlangoni na barua yao ya maombi. Dereva wa manispaa alichelewa, Mkurugenzi akashika usukani wa gari la kazi mwenyewe, akaingia getini kwa kasi ya mtu mwenye hotuba mfukoni.

Gari jeusi likapinda. Likaja kwa ubavu, tako mbele, likazunguka uwanja mzima bila haraka, likaangusha chungu cha maua na kutulia hatua mbili tu kutoka kwenye viatu vya meya.

"Hiyo safi," fundi viatu akanong'ona.

Karani alikuwa ameshatoa fomu ya kuzuia chombo. Alikuwa mwoga wa kupoteza kazi, na kanuni ya kumi na moja ilimfukuza kazi mtumishi yeyote atakayeona kuserereka akanyamaza.

"Sheria ni msumeno, bosi."

"Najua!"

"Hukata mbele na nyuma. Saini hapa."

Kesho yake ghala lilifunguliwa kwa amri ya Mkurugenzi mwenyewe. Wale tisa walifaulu wote kabla ya chai ya saa nne, wakabeba magari yao. Gari jeusi likabaki kizuizini.

Hii ni Jumamosi ya sita. Mkurugenzi, ambaye siku hizi huja kazini kwa miguu, amesimama katikati ya ghala, rimoti mikononi, jasho linamtoka.

"Tako likikimbilia kushoto, na wewe peleka usukani kushoto," fundi viatu anamwelekeza kwa upole. "Usilikataze, mkubwa. Ukilikataza ndipo linapokugeuka."

Mkurugenzi akalikataza. Gari likageuka, likaruka, likatumbukia kwenye ndoo, na fundi viatu akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni.

"Karani," Mkurugenzi akasema kwa unyonge.

"Nimeshaandika, bosi. Na ndoo."