Kuosha Stima ya Mzee Thuo

Wekoye aliingia kwa Mzee Thuo, nje kidogo ya Kitale, juu ya pikipiki yake, akiuza dawa ya kupe ambayo kupe wenyewe walikuwa wakiioga bila wasiwasi. Kabla hajaanza kuisifu, Nyaguthii, mke wa Thuo, akachomeka pasi jikoni. Balbu ya jikoni ikafifia kama mgonjwa. Ya sebuleni ikawaka kama taa ya lori. Wekoye akairudisha dawa mfukoni. Tangu hapo alikuwa fundi wa stima.

Na kusema kweli, kidogo alikijua. Nyumba ile ililetewa stima kwa nyaya mbili zilizotegemea waya mmoja wa kurudi. Waya huo ukilegea, upande mmoja hunyimwa na mwingine hushindiliwa. Tiba yake ni kukaza skrubu moja tu kwenye meni suichi. Lakini skrubu moja haijawahi kumtajirisha mtu.

Kwa uso wa mleta tanzia, akawaeleza kwamba stima yao imechafuka. Uchafu umeshaingia kwenye friji na televisheni, na visipooshwa kwa mashine iliyoko Bungoma, vitalipuka. Thuo, mtu asiyependa kupitwa na cha bure, akauliza kama kuosha kutapunguza na bili. Wekoye akamhakikishia kwamba itapungua mpaka wenye stima washangae.

Akazima stima, akawatoa wote nje kwa usalama wao, akakaza skrubu. Aliporudi kuwaita, Thuo akamuuliza kama hataki kuviwasha vile vyombo kwanza, avione.

"Mzee, chombo chenye stima chafu hakiwashwi," Wekoye akasema. "Kinaweza kuua mtu."

"Basi sawa. Mimi nakuamini, bana, lakini mama ana wasiwasi. Si utuachie hiyo pikipiki mpaka uvirudishe?"

Wekoye akaitazama pikipiki kuukuu aliyoinunua mpakani Lwakhakha, akaitazama friji iliyomzidi kimo, akakabidhi ufunguo. Akakodi pikapu, akashika njia. Bungoma hakufika, alikata kona kwenda soko la Chwele, kwa Phelista, muuzaji wa vyombo vya mitumba.

Phelista hakuogopa stima chafu. Akavichomeka. Friji kimya, televisheni kimya. Akafungua nyuma, akanusa.

"Hizi zilishaungua," akasema. "Kwani huko ulizitoa, taa haikuwa inawaka kupita kiasi?"

Wekoye akaikumbuka ile balbu ya sebuleni. Akampigia Thuo simu. Mzee akapokea kwa upole.

"Zilikufa Jumapili, fundi. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kuzibeba. Ukizileta zikifanya kazi, pikipiki yako iko. Na asante, taa sasa ziko sawa kabisa."

Nyuma ya sauti ya mzee, Wekoye aliisikia injini yake ikinguruma, ikizima, ikinguruma tena. Nyaguthii alikuwa akijifunza gia ya pili.