Trei ya 58 na Kiti Kinachozunguka

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Leo kiwandani imetangazwa vita, ingawa wenyewe wameiita kikao. Meneja Fortunata katusimamisha mbele ya tanuri, mimi na Cletus, akasema trei zote za korosho sasa zitafuatwa kwa kompyuta. Mmoja wetu atakaa chumba cha vioo kuangalia skrini. Mwingine atahamia uani kupakia maganda.

Uani hakuna kivuli. Kuna maganda, vumbi na jua la Lindi lenyewe. Chumba cha vioo kina feni na kiti kinachozunguka. Wakati wa chai nilikikalia kidogo, kuonja tu. Kinazunguka pande zote mbili.

Kiti hiki ni haki yangu. Miaka yote hii nimezifuata trei kwa miguu: zikiwa kwenye mkanda wa chini, zikinyanyuliwa na kuning'inia kwenye mnyororo wa juu, zikipita tanurini, mpaka zinaposhushwa kwenye rola za Cletus kwenda kufungashwa. Trei ikipotea naulizwa mimi. Mara nyingi sijui, lakini naulizwa mimi.

Nilimwamkia meneja shikamoo, ili anikumbuke. Akataka kujua mvi zake nimeziona wapi, maana mimi ndiye niliyemtangulia kuzaliwa. Vyema. Amenikumbuka.

Sauda, mke wangu, kafurahi sana. Nilimwambia jambo hili bado halijaamuliwa. Kufika magharibi mtaa wetu wote wa Mitwero ulikuwa unanipa hongera, na mama mkwe kapiga simu kutoka Rutamba kuuliza kama ofisini kuna friji. Sasa hata nikitaka kushindwa, siwezi.

Jumanne, 5 Novemba

Fundi Dominick kafika kutoka Dar. Kabandika chipu yenye namba chini ya kila trei, ndogo kama kucha ya kidole gumba. Kila mahali trei inapohama mashine moja kwenda nyingine kafunga kifaa cha kuisoma. Sisi tunaviita macho. Jicho likiiona chipu, skrini inasema trei iko wapi. Jicho moja liko mlangoni mwa kantini kwa sababu watu hubebea ugali trei za kampuni, na jingine getini kwa sababu wapo wanaofika nazo nyumbani kuanikia dagaa. (Yetu ilitoka kabla ya macho. Haihesabiki.)

Lakini mambo hayajakaa sawa. Kwenye mkanda trei zinaonekana. Zikipanda mnyororoni zinaonekana. Zikishuka kwenye rola, nyingine zinatoweka kwenye skrini, na huku ziko pale mbele yetu zimejaa korosho. Meneja hakupendezwa. Ijumaa wanakuja wageni wanunuzi, na anataka wazione trei zao zikitembea kwenye skrini. Kasema atakayesaidia kumaliza tatizo hili ndiye mwenye kiti.

Nilinyoosha mkono palepale. Nikaeleza, kwa heshima zote, kwamba rola za Cletus ni mbovu. Fundi kazikagua zote. Nzima. Akaja upande wangu, akakuta kandambili imebanwa chini ya mkanda. Kandambili ya kushoto. Ya kwangu. Nilieleza kuwa niliiweka pale kwa ajili ya kupima. Hakuna aliyeuliza kupima nini.

Cletus alicheka mpaka akakaa chini. Yeye Mmakonde, mimi Mmwera, kwa hiyo ni watani, na mtani akikusema huruhusiwi kukasirika. Sijui nani aliitunga sheria hii, ila hakuwahi kufanya kazi na Cletus.

Alhamisi, 7 Novemba

Jana sikuandika kwa sababu nilikuwa nafikiri. Leo nimemaliza kufikiri.

Tatizo langu ni kwamba trei zinazopotea zinapotea zenyewe, kwa wakati wao, na mimi sijui zitajitokeza wapi. Mtu hawezi kuwa shujaa kwa namna hiyo. Ninachohitaji ni trei moja inayopotea ninapotaka mimi, kwenye rola za Cletus, wageni wakiwa wanaangalia. Kompyuta itababaika. Cletus atababaika. Mimi nitatembea taratibu, mikono nyuma, nitainua trei na kusema hii hapa.

Namna ya kuipoteza ni rahisi. Nabandua chipu. Jicho haliioni trei, trei imepotea. Nikishaipata naibandika tena. Nimejaribu kucha yangu kwenye trei moja na chipu imeachia bila ubishi wowote. Hata gundi iko upande wangu.

Sauda kanipigia pasi shati jipya, lile lenye mfuko kifuani. Kasema ndilo la kukalia kiti.

Ijumaa, 8 Novemba

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Asubuhi ilianza vizuri. Wageni wakaingizwa chumba cha vioo pamoja na meneja na fundi. Cletus aliitwa humo kuwaeleza habari za rola. Nilimwona kwa mbali akikiegemea kiti changu.

Nikachagua trei ya 58, iliyokuwa imetoka tanurini na mzigo ulioungua. Nikabandua chipu, nikaitia mfukoni. Trei ikashuka kwenye rola bila chipu. Nikahesabu pumzi kidogo, nikaanza kutembea, mikono nyuma, kwenda kuiokoa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba trei zote ni za kijani.

Zote. Nimezifuata miaka yote hii na sijawahi kuliona hilo kuwa ni tatizo. Sikuwa nimeiwekea alama yoyote, namba yake ilikuwa mfukoni mwangu, na asubuhi hiyo tanuri lilikuwa limeunguza trei nyingi. Nikainamia ya kwanza, siyo. Ya pili, siyo. Nikapita rola zote, nikarudi mnyororoni, nikateremka mpaka kwenye mkanda. Nikakimbilia kantini, labda mtu kabebea ugali. Nikaenda getini. Nikarudi kantini, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kuangalia chini ya meza, na nikiwa pale nikala andazi moja la haraka.

Sikujua kilichokuwa kikionekana kwenye skrini. Cletus kanisimulia baadaye, kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Wageni waliiona trei ya 58 ikishuka kwenye rola, ikarudi mnyororoni, ikashuka mpaka mkandani, ikaenda kantini, ikaenda getini, ikarudi kantini, ikatulia kidogo. Mgeni mmoja aliuliza kama mashine hiyo ni ya aina mpya. Meneja akamuuliza fundi, fundi akafunua vitabu vyake. Ni Cletus aliyetazama vizuri, akasema ile si trei, ile ni Hussen, yaani mimi, anaijua tabia yangu ya kurudi kantini.

Wakati huo mimi nilikuwa nimerudi kwenye rola. Safari hii nikainama kuchungulia, kifua kikatulia mbele ya jicho la mwisho, lile la kutenga mizigo iliyoungua. Mle mfukoni kulikuwa na chipu ya trei ya 58. Kwa kompyuta, trei ya 58 ni mzigo ulioungua, na mzigo ulioungua husukumwa pembeni na mkono wa chuma. Mkono ulifanya kazi yake. Ulinisukuma kiunoni, nikapita juu ya rola kwa kasi nzuri, nikatumbukia kwenye pipa la korosho zilizoungua, miguu juu.

Wageni walipiga makofi. Nadhani walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mchana kantini, Cletus aliniwekea msiba. Kama watani wanavyofanya kwenye matanga, kajifunga kanga ya mpishi, Mama Scholastica, kajilaza sakafuni, kaomboleza kwamba marehemu trei alikuwa mpole, alipenda maandazi, ameondoka angali mbichi upande mmoja. Watu walicheka mpaka machozi. Sikukasirika. Sheria ni sheria. Lakini nilitoka nje, nikasimama pale uani penye maganda, na ukweli ni kwamba niliogopa. Nilimfikiria Sauda akipita Mitwero na watu wale waliompa hongera.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeitwa chumba cha vioo. Nilisimama, kwa sababu mbili.

Nilikuwa na maelezo tayari. Nikasema lilikuwa jaribio, la kuonyesha kwamba jicho halifuati trei, linafuata chipu, popote itakapokuwa. Kisha fundi Dominick akauliza niliibanduaje. Nikajibu kwa kucha tu, iliachia yenyewe. Fundi akanyanyuka na kutoka bila kuaga.

Alirudi na ufagio na kiganja kilichojaa chipu. Alizikuta sakafuni, chini ya mahali mnyororo unapokabidhi trei kwa rola. Joto la tanuri linalegeza gundi, mtikisiko wa kushuka unamalizia. Trei hazikuwa zikipotea. Zilikuwa zikipoteza majina.

Nikasema hilo ndilo hasa nililomaanisha. Meneja akasema nisimzoee.

Hukumu imetoka. Kiti kapewa Cletus, kwa kuwa ndiye aliyeisoma skrini mpaka akanitambua ndani yake. Mimi siendi uani. Fundi kaomba nibaki, kasema tangu azaliwe hajaona mtu aliyeyapima macho yote ya kiwanda kwa asubuhi moja. Kwa hiyo nimepewa kazi mpya. Nimeshonewa chipu kwenye kizibao, na kutwa nzima nitatembea njia yote ya trei, kutoka mkandani mpaka kwenye rola, ili Cletus ahakikishe kila jicho linaniona. Kwenye skrini sina jina. Ni trei ya 58.

Sauda nimemwambia nimepewa kazi ya kitaalamu ya kufuatiliwa. Kauliza friji.

Jumatatu, 11 Novemba

Siku ya kwanza. Nimetembea. Kila nikisimama kupumzika, Cletus anatangaza kwenye kipaza sauti kwamba trei ya 58 imekwama, wenye grisi wasogee. Kwenye kioo namwona akizunguka na kiti, kushoto, kulia. Hajui hata kukizungusha.

Wengine wangekata tamaa. Mimi nimefumbua macho. Cletus hanioni mimi, anaiona chipu, na chipu nishajua namna ya kuiondoa. Kesho asubuhi naifumua kwenye kizibao na kuibandika chini ya toroli la chai la Mama Scholastica. Toroli linapita kote ninakopita mimi, na lina mwendo mzuri kuliko wangu. Chipu itafanya kazi kutwa. Mimi nitajificha stoo, penye kivuli, nipange kwa utulivu namna ya kukipata kile kiti.

Safari hii hakuna kinachoweza kuharibika. Nimeshamwambia Sauda awajulishe Rutamba.