Suruali Moja na Maili Tatu Nilizosahau

Wenzangu wa darasa la ngumbaru, leo sitaki hata kuonekana hapa Sironga. Niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua leo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Keroka kuzungumza ndoa ya binti yangu Kemunto. Kwa miguu. Hatujawahi kuonana, maneno yote yalipitia kwa mshenga. Barua ilisema wataanza kutembea saa mbili asubuhi. Nikashika chaki. Mwalimu si alitufundisha? Y ni maili, X ni saa. Mtu mzima hutembea maili tatu kwa saa, basi Y = 3X. Keroka ni maili tisa. X ni tatu. Watafika saa tano. (Na mimi ndiye niliyekimbia darasa la pili kwa kuogopa kiboko.)

Mke wangu akauliza, "Baba Kemunto, si barua inasema watalala kwa shangazi yao, maili tatu kutoka Keroka, upande wa huku kwetu?"

"Mama, usiniharibie hesabu."

Saa tatu nikashuka mtoni kuoga na kufua suruali. Ya maana ninayo moja, ile nyingine ni ya kukamulia ng'ombe. Nikaianika kichakani, nikakaa majini naimba. Muda si ninao?

Saa nne nasikia viatu. Wazee wawili na kijana mwenye tai, darajani. Nikazama mpaka kidevuni. Kwetu mkwe haoni hata goti lako. Akikuona uchi, ndoa inaweza kufa palepale. Na hapo majini ndipo nikaiona vizuri: Y = 3X + 3. Hawakuanzia sifuri.

"Mzee, kwa Baba Kemunto ni wapi?"

"Pandeni tu, nyumba ya mabati. Anawangoja."

"Mbona hutoki? Utaganda."

"Nimezoea," nikasema, meno yakigongana.

Walipopita nikavaa suruali mbichi, nikakatiza migombani, nikatokea nyuma ya nyumba. Nikawasalimu nikichuruzika maji. Kijana akanitazama, akainamisha kichwa. Nikamwona Kemunto wangu akizeekea jikoni bila mume.

Baba wa kijana akakohoa. "Baba Kemunto, mtoni tumekutana na mzee mwenye heshima sana. Amekubali kuganda kuliko kutuaibisha. Ukimwona, mwambie tumependa kuoa kwa majirani zake."

"Nitamfikishia," nikasema.

Wamekula ugali wa wimbi, wamekubali, wameondoka. Mimi nimebaki na kikohozi. Mkija kuniona, chekeni kwanza huko njiani, mmalize.