Pwani Arobaini na Tatu za Mselem

Katika Birmingham nzima hakuna anayeijua bahari kumshinda Mselem! Aliyesema hivyo ni Mselem mwenyewe, dukani kwa Gedi, mtaa wa Alum Rock, huku akiminyaminya ndizi.

Kazaliwa Makunduchi, pwani ya Unguja, na hiyo ndiyo shahada yake. Mkewe Jokha hutunza wazee kule Shard End, miguu imemvimba kwa kusimama. Alipoahidiwa likizo ya wiki moja, ya kwanza baada ya miaka minne, alitaka kitu kimoja tu: alale mchangani, kisiwa chochote cha Ugiriki, asiamshwe na mtu. Mselem akasema hilo si jambo la kukurupukia. Pwani huchaguliwa!

Akachagua kwa miezi mitano. Kazi yake ni kung'arisha pete huko Hockley, basi akaja nyumbani na kile kioo cha kukagulia almasi, akakibandika jichoni, akawa anakagua picha za mchanga kwenye kompyuta, chembe kwa chembe. Hii ina kokoto. Ile ina upepo wa kaskazini. Nyingine ina watu walio uchi, na hiyo aliikagua mara sita ili apate uhakika! Pwani zikafika arobaini na tatu, faili likafika kurasa tisini. Jokha akachoka kungoja, akakata tiketi.

Siku ya safari Mselem aliingia uwanja wa ndege na kofia ya ukili na miwani ya kuogelea, nje mvua inanyesha. Binti wa kaunta akafungua pasipoti yake, akaifunga. Akaeleza kwa upole kwamba imebakisha wiki tano kwisha muda wake, na Ugiriki wanataka miezi mitatu. Bingwa wa chembe za mchanga hakuwahi kuitazama tarehe!

Jokha aliona wiki yake inakwenda na maji.

"Tutaakhirisha, mke wangu," Mselem akasema. "Hata hivyo ile namba kumi na saba nilikuwa bado nina shaka nayo."

"Akhirisha weye, Baba Suhail," Jokha akajibu, akilivuta sanduku lake. "Wali umo kwenye friza."

Faili akamwachia.

Kesho yake asubuhi Mselem alituma ujumbe wa aya nne. Yuko pwani namba ngapi? Upepo unatoka wapi? Mchanga una rangi gani? Akakaa na simu mkononi kutwa nzima.

Jibu lilifika wakati wa magharibi.

"Sijauliza jina. Nilikuwa nimelala."