Goti la Kushoto

Jumatatu, 8 Juni 2026
Vijana wa chuo kikuu wamefika zahanati. Wametengeneza kifaa cha vyuma na mpira cha kushikilia goti bovu, wanatafuta wazee wa kukijaribu. Nakitaka! Goti langu la kushoto limeharibika tangu mwaka jana. Kanisani wenzangu wanapiga magoti kupokea chakula cha Bwana, mimi nimesimama kama nguzo. Nikavaa kitenge kipya, nikauma meno, nikatembea kama bibi harusi ili wanichague. Kijana Celestin akasema hongera bibi, magoti yako mazima. Wakamchukua jirani yangu Kampire, anayejikokota! Chuo gani kinachagua wabovu?

Jumanne, 9 Juni
Mazoezi ya kuchechemea, migombani. Kwa mguu wa kushoto inauma mno, nikachechemea kwa wa kulia. Kampire akachungulia, akauliza kama nimeingiwa na funza. Nikamwambia goti la kulia limekufa, na yeye aangalie yake!

Jumatano, 10 Juni
Nimerudi zahanati nikichechemea. Wamenibandika nyaya za kupimia miguu yote. Celestin akatazama kompyuta, akasema unaochechemea ndio mzima, mbovu ni wa kushoto. Mchawi! Nikamkemea: nimezaa saba, mtoto wa juzi atanifundisha miguu yangu? Akasema samahani bibi, akakifunga kushoto. Kushoto tu, akarudia. Nyumbani nikapiga magoti kumenya ndizi, nikainuka bila kushika ukuta. Machozi kidogo. Moshi.

Jumamosi, 13 Juni
Nimekumbuka Kampire! Nilimwambia kulia. Akikiona kushoto atatangaza Nyabiyonza nzima kwamba mimi mwongo. Nimekihamishia kulia. Heshima kwanza.

Jumapili, 14 Juni
Madhabahuni nilishuka vizuri. Kuinuka, hapana! Mchungaji kamaliza safu mbili, mimi nipo pale pale. Kampire akaja na kifaa chake, akaninyanyua kwa makwapa mbele ya kanisa zima. Akaninong'oneza: Mama Eliud, si ukivae tu kushoto? Tangu mwaka jana nakuona unavyoukokota mguu huo.
Mpelelezi!

Jumatatu, 15 Juni
Celestin kaja kukagua. Nimemwambia kifaa chake kibovu, arudi darasani. Akasema Alhamisi wanakuja wenzake wenye vifaa vya masikio, kwa wazee wasiosikia.
Kampire yuko mlangoni na kahawa za kutafuna. Anabisha hodi ya nne.
Simsikii.